Ukumbusho Dhidi ya Siri: Uhakiki wa Historia ya Zaire ya Tshibumba Kanda Matulu

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wanapojadili kazi zinazopambana na siri za dola, aghalabu hutazama pwani ya Kenya na Tanzania. Hutajwa Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya karatasi yake "Kenya: Twendapi?", na ambaye mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki. Kutokana na mfano huo na mingine inayofanana nao, tumejijengea kanuni ambayo hatuihoji tena: kwamba pale serikali inapofunga vinywa, msanii wa Kiswahili hukimbilia fumbo. Husema mnazi akiwa na maana ya nchi, na msikilizaji mwerevu humwelewa.

Mwaka ule ule wa 1973, mbali na pwani, katika eneo la migodi ya shaba kusini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, mchoraji mmoja kijana alikuwa anaifanya kazi hiyo hiyo kwa njia iliyo kinyume kabisa. Hakuficha majina bali aliyaandika. Hakuficha tarehe bali aliipa kila picha mwaka wake, na mara nyingine siku na mwezi. Mchoraji huyo ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na aliyefanya kazi yake Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha zipatazo 100 juu ya historia ya nchi yake, kisha akazieleza kwa Kiswahili cha Katanga mbele ya kinasa sauti cha mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa anafundisha Lubumbashi. Kutokana na kazi hiyo Fabian alitoa kitabu Remembering the Present mwaka 1996.

Makala haya yanajadili mfululizo huo kama kazi ya Kiswahili, na kama uchunguzi wa mambo yaliyofichwa na dola. Tutajaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, fani ya kazi hii, hasa namna inavyogawa majukumu kati ya rangi, maandishi na maneno ya mdomo, inatokana na hali ya kuishi chini ya macho ya serikali. Pili, maudhui yake yanabishana na taarifa rasmi katika mambo mahususi yanayoweza kutajwa na kupimwa. Tatu, kazi hii ina mipaka yake, na mipaka hiyo inatufundisha jambo juu ya uandishi wa habari za uchunguzi katika Lualaba ya leo.

2. Mazingira ya kazi: shaba, usimamizi na lugha

Haiwezekani kuielewa kazi ya Tshibumba bila kuelewa mahali ilipozaliwa. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, haikuchimba shaba tu. Ilijenga kambi za wafanyakazi, shule, hospitali na viwanja vya michezo, na katika kambi hizo ilisimamia maisha ya mfanyakazi tangu chakula chake hadi mwenendo wa nyumba yake. Kambi ilikuwa mahali pa kulala, na wakati huo huo mahali pa kutazamwa.

Katika usimamizi huo Kiswahili kilikuwa na kazi maalumu. Fabian mwenyewe alionyesha, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, jinsi vitabu vidogo vya mazungumzo na orodha za maneno vilivyotungwa ili Mzungu aweze kuamuru, kuuliza na kukemea. Kwa hiyo Kiswahili cha Katanga, kabla ya kuwa lugha ya mama ya watoto wa kambini, kilikuwa chombo cha msimamizi. Jambo hili wahakiki wa pwani hulisahau kwa urahisi. Huko kwetu lugha ilitangulia ukoloni. Huko Katanga lugha na usimamizi vilikuja katika gari moshi moja.

Hata hivyo chombo hicho kiligeuzwa na waliokuwa wanaamriwa. Ushahidi wa mapema ni kitabu kidogo kilichotungwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumbani wa Élisabethville, na ambacho Fabian alikitolea toleo mwaka 1990. Watumishi hao walikuwa wamesimama nyuma ya viti vya mabwana zao kwa miaka mingi. Walisikia mazungumzo ambayo mabwana walidhani hayasikiki, na baada ya uhuru wakaandika historia ya mji kwa Kiswahili kile kile walichoamriwa nacho. Tshibumba ni mrithi wa kazi hiyo, ajue au asijue.

Utawala uliofuata haukulegeza macho. Mobutu alitwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965, akaunda chama cha MPR mwaka 1967, na usalama wa dola ukakabidhiwa kwa idara iliyojulikana kwa kifupi kama CND. Jina la idara hiyo kwa Kifaransa lilizungumzia "nyaraka" tu, kana kwamba ni maktaba. Jimbo la Katanga likaitwa Shaba. Magazeti yalibaki, lakini yalisema yaliyotakiwa kusemwa. Gazeti la Lubumbashi lilipewa jina zuri la Kiswahili, Mjumbe, lakini ujumbe wake ulikuwa wa Kifaransa na wa serikali. Katika hali hiyo swali la nani atachunguza mambo ya wakubwa halikuweza kujibiwa na mwandishi wa habari. Lilimwangukia mtu aliyekuwa na magunia ya unga, rangi na kumbukumbu.

3. Fani: kilichoandikwa na kilichosemwa

Picha za aina ya Tshibumba zilichorwa juu ya magunia ya unga yaliyotandazwa na kupakwa rangi ya msingi. Ziliuzwa kwa bei ambayo mfanyakazi aliweza kuimudu, zikatundikwa katika sebule za watu. Waliozinunua walikuwa na neno la kuzitaja: ukumbusho. Fabian analipa neno hili nafasi kubwa katika maelezo yake, na ni haki yake, kwani ndani yake kuna nadharia nzima ya sanaa. Ukumbusho si pambo, wala si kumbukumbu iliyokaa kimya kichwani. Ni kitu kinachomfanya mtu akumbuke, na akisha kukumbuka aseme.

Sasa tutazame namna kazi ilivyogawanywa. Juu ya turubai huandikwa maneno machache ya Kifaransa: jina la tukio, majina ya watu, tarehe. Kifaransa kilikuwa lugha ya hati na mihuri, na kwa kukitumia mchoraji anaipa picha yake sura ya hati. Maelezo yenyewe, yaani nani alifanya nini, kwa nini, nani alijua na nani alinyamaza, hayamo turubaini. Yanatolewa kwa Kiswahili, kwa mdomo, na mtu yeyote anayeketi chini ya picha.

Mgawanyo huu ni wa kisanaa, lakini pia ni wa kiusalama. Afisa akiingia sebuleni ataona nini? Ataona picha yenye tarehe ambayo kila mtu anaifahamu. Anaweza kuichukua picha hiyo, lakini hawezi kuyachukua mazungumzo. Hadithi imekaa baina ya picha na watu, na hakuna karatasi iliyoibeba. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba Tshibumba anaeleza wazi kile ambacho mshairi wa pwani anakifumba. Ni afadhali tuseme kwamba wote wawili wanaficha, ila kila mmoja anaficha kitu tofauti. Mshairi wa fumbo anaficha jina na kuacha hukumu wazi: mnazi umefanyiwa dhuluma, utajua mwenyewe ni nani. Mchoraji wa ukumbusho anaweka jina wazi na kuficha hukumu: huyu ndiye, siku ni hii, hukumu utaitoa mwenyewe kwa Kiswahili chako.

Lugha ya masimulizi yenyewe inastahili kuangaliwa. Msomaji aliyezoea Kiswahili sanifu atakuta bantu mahali pa watu, bintu mahali pa vitu, eko mahali pa yuko, na maneno ya Kifaransa yaliyoingia bila kuomba radhi. Wako walioitazama lugha hii kama Kiswahili kilichovunjika. Mtazamo huo haufai. Sarufi ya lugha hii ina utaratibu wake, na katika masimulizi ya Tshibumba inafanya kazi ambayo Kiswahili cha ofisini kisingeifanya: inamwezesha msemaji kupita kutoka katika jambo aliloliona, hadi alilolisikia, hadi alilolifikiri, bila kubadili sauti. Neno lake la msingi hapa ni kuwaza. Mambo mengine aliyapata katika vitabu vya shule, mengine redioni na magazetini, mengine kwa wazee. Palipokosekana shahidi, aliwaza, na hakuona haya kusema kwamba amewaza. Mwandishi wa habari hutenganisha kwa uangalifu chanzo na dhana yake. Tshibumba naye hutenganisha, lakini kwa njia yake, na mhakiki asiyeijua lugha yake atadhani kwamba amechanganya.

4. Maudhui: siri tatu

Dhamira ya mfululizo huu ni nchi nzima, tangu wahenga hadi utawala wa Mobutu, na picha za mwisho zinageukia hata mambo yajayo. Hatuwezi kuzichambua zote. Tutachagua mahali patatu ambapo picha inakabiliana na taarifa rasmi.

Mahali pa kwanza ni picha mashuhuri ya aina iitwayo Colonie belge, ambayo wachoraji wengi wa Katanga waliichora, Tshibumba akiwa mmoja wao. Mfungwa amelazwa chini akichapwa na askari Mwafrika. Ofisa Mzungu amesimama akitazama. Pembeni wako wafungwa wengine, na wanawake waliokuja kuwaona watu wao. Maandishi yake ya kawaida ni "1885–1959". Mwanahistoria wa darasani atasema kuna makosa mawili, kwa kuwa mwaka 1885 ulianza utawala binafsi wa Mfalme Léopold II, ilhali koloni la Ubelgiji lilianza mwaka 1908, na uhuru ulipatikana mwaka 1960. Lakini makosa haya yana maana. Ubelgiji ilipenda sana kutenganisha ukatili wa Léopold na utawala wake yenyewe. Maandishi ya mchoraji yanaukataa utenganisho huo: kwa aliyelazwa chini, kiboko kilikuwa kimoja. Mwaka 1959 nao unaweza kusomwa kama mwaka wa maasi ya Léopoldville ya tarehe 4 Januari. Kwa kipimo hicho koloni lilikufa siku watu walipoacha kuliogopa, na sherehe ya mwaka uliofuata ilithibitisha tu kifo hicho. Aidha, mpangilio wa picha unageuza utaratibu wa kambi. Ofisa anamtazama mfungwa, na mwenye nyumba, akiwa ameketi sebuleni kwake, anamtazama ofisa.

Mahali pa pili ni mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière wa Desemba 1941. Wakati wa vita vya pili vya dunia shaba ya Katanga ilihitajiwa sana na bei za bidhaa zilipanda, lakini mshahara haukupanda kwa kiasi hicho. Tarehe 9 Desemba 1941 wagomaji walikusanyika katika uwanja wa mpira Élisabethville, Gavana Amour Maron akiwepo, na askari wakawafyatulia risasi. Miongoni mwa waliouawa alikuwa karani Léonard Mpoyi, msemaji wao. Idadi ya waliokufa iliyotolewa na serikali ya kikoloni haikukubaliwa kambini, ambako ilihesabiwa kuwa kubwa zaidi. Tshibumba hakuwa amezaliwa. Hata hivyo anauchora uwanja ule, mahali ambapo kampuni ilijivunia kuwapa wafanyakazi burudani, kama mahali pa mauaji. Hapa ubishi wake na taarifa rasmi hauko katika tarakimu. Uko katika uchaguzi wa mandhari: hakuna tena mtu atakayeuona uwanja huo kama uwanja wa mpira tu.

Mahali pa tatu ndipo kilele cha kazi nzima: kifo cha Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Tukumbuke taarifa rasmi ya Katanga. Tarehe 13 Februari 1961, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga, alitangaza kwamba wafungwa hao walikuwa wametoroka na kuuawa na wanakijiji. Ukweli ni kwamba walipigwa risasi usiku wa tarehe 17 Januari 1961, katika pori lisilo mbali na Élisabethville, mbele ya viongozi wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Tume ya Umoja wa Mataifa ilikwisha kuutilia shaka uongo wa Munongo mwaka ule ule wa 1961. Mwaka 1999 Ludo De Witte alichapisha utafiti wake, na mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilikiri kwamba baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji walibeba dhamana ya kimaadili kwa yaliyotokea.

Tshibumba anawachora watu watatu wamelala chini. Nyuma yao imesimama misalaba mitatu. Damu inayotoka ubavuni mwa Lumumba inaandika ardhini neno moja la Kifaransa, Unité, yaani umoja. Katika maandishi ya picha mna majina matatu na tarehe 17 Januari 1961. Wahakiki wengi wamesimama kwenye misalaba, wakaandika juu ya Lumumba kama Kristo. Sisi tunapenda kusimama kwenye tarehe. Katika mji ambako watu walikuwa wametangaziwa hadithi ya kutoroka na ya wanakijiji wenye hasira, kuandika "17 Januari" ni kusema kwamba tangazo lilikuwa la uongo. Alama tatu za kalenda zinatosha kumkanusha waziri.

Liko jambo jingine. Miili ya watu hao watatu ilifukuliwa na kuangamizwa kwa asidi ili pasiwe na kaburi. Ofisa wa polisi wa Kibelgiji, Gérard Soete, alikiri miaka mingi baadaye kwamba alishiriki katika kazi hiyo. Wakati Tshibumba anachora, habari hiyo haikuwa wazi kwa watu. Ukiipima picha yake kwa ukweli huo, utasema amekosea: miili mizima namna ile haikubaki. Lakini angalia kinachotendeka. Dola ilitaka pasiwe na mwili, pasiwe na kaburi, pasiwe na mahali pa kusimama na kukumbuka. Mchoraji anairudisha miili na kuiweka sebuleni mwa kila mnunuzi. Ukumbusho ndilo neno halisi lililo kinyume cha asidi. Jino moja, lililokuwa limesalia kwa Soete, lilikabidhiwa familia ya Lumumba mjini Brussels mwezi Juni 2022, na likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni mwaka huo baada ya kupitishwa sehemu kadhaa za nchi, Katanga ikiwemo. Kabla ya siku hiyo, kaburi pekee ambalo watu wa kawaida waliweza kuwa nalo lilikuwa picha.

5. Mipaka ya kazi

Tukisema hayo, hatuna budi kuuliza pia kile ambacho kazi hii haikukisema. Mwaka 1966 Mobutu alimtangaza Lumumba shujaa wa taifa. Kwa hiyo kumchora Lumumba mwaka 1973 hakukuwa uasi. Kulaumu Katanga iliyojitenga hakukuwa uasi pia, maana serikali ya Kinshasa ilifurahia lawama hiyo. Siri iliyokuwa hai ilikuwa nyingine: ni jeshi la Mobutu mwenyewe lililomkamata Lumumba Desemba 1960, na ni wakuu wa Kinshasa, wakishirikiana na Wabelgiji, waliompeleka kwa maadui zake. Picha ya misalaba mitatu inamwonyesha aliyekufa na inaonyesha mahali. Aliyemkabidhi haonekani ndani yake.

Je, huu ni woga? Tunaona si haki kumhukumu hivyo. Mfululizo unapotazamwa kwa mpangilio wake, picha ya kukamatwa inatangulia picha ya kifo, na mtazamaji anaachiwa kuunganisha. Mbinu hiyo inafanana na ya mhariri anayeweka habari mbili ukurasa mmoja bila kusema zinahusiana. Lakini mbinu yenyewe ina gharama. Misalaba ikiingia, mtazamaji anaweza kuacha kuunganisha na kuanza kusali. Kifo cha Kristo kilikuwa hakina budi kutokea; kifo cha Lumumba kingeweza kuzuiwa, na kila hatua yake ilikuwa na sahihi ya mtu. Mfano wa Injili unampa marehemu utukufu, lakini papo hapo unawapunguzia dhamana waliomuua, kwa sababu katika hadithi ile muuaji ni sehemu ya mpango. Kwa maoni yetu huu ndio udhaifu mkubwa wa picha iliyo bora kuliko zote za mfululizo.

Tusisahau pia kwamba msanii alilipa, ingawa hatuwezi kutaja bei. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuonekana tena, na hatima yake haijulikani. Mtu aliyeandika tarehe ya kila kifo amebaki bila tarehe ya kifo chake.

6. Juu ya toleo la Fabian

Shukrani tunazodaiwa na Fabian ni kubwa. Bila kinasa sauti chake tungekuwa na magunia yaliyopakwa rangi katika jumba la makumbusho mjini Amsterdam lililoitwa zamani Tropenmuseum, na hakuna neno lililobaki. Hata hivyo kitabu cha mwaka 1996 kinampa msomaji masimulizi kwa Kiingereza. Matini ya Kiswahili yalitolewa kando, katika hifadhi ya matini ya Kiswahili cha watu iliyowekwa kwenye intaneti. Matokeo yake ni kwamba kazi hii inasomwa sana katika vyuo vya anthropolojia na sanaa, na haisomwi katika idara za Kiswahili. Msimulizi aliyefanya uchunguzi wake kwa Kiswahili amejulikana duniani kama mtu anayezungumza Kiingereza kizuri.

Lawama hapa si ya Fabian peke yake. Idara zetu zilipokuwa zinaorodhesha matini za kufundishia, Kiswahili cha Katanga kiliwekwa katika somo la lahaja, pamoja na viambishi na sauti zake, na hakikuwekwa katika somo la fasihi. Tumeisikiliza namna watu wa Kolwezi wanavyotamka maneno, tukasahau kusikiliza walichokuwa wanasema.

7. Kutoka turubai hadi nyaraka

Kolwezi ya leo ni makao makuu ya jimbo la Lualaba, lililoundwa mwaka 2015. Siri za zamani zilihusu miili. Siri mpya zinahusu zaidi mikataba. Tume ya bunge iliyoongozwa na Christophe Lutundula ilichunguza mikataba ya madini iliyotiwa sahihi wakati wa vita, na ripoti yake ikajulikana na umma mwaka 2006 bila kujadiliwa bungeni. Mkataba wa mwaka 2008 na kampuni za Kichina, uliozaa Sicomines karibu na Kolwezi, ulilalamikiwa kwa miaka mingi kwa sababu ya vipengele vilivyofichwa. Ulipojadiliwa upya mwaka 2024, fedha za barabara na majengo zilipandishwa kutoka dola bilioni 3 hadi bilioni 7, na tofauti hiyo inatosha kuonyesha kilichokuwa kinafichika. Mwezi Novemba 2021 muungano wa vyombo vya habari ulianza kutoa uchunguzi ulioitwa Congo Hold-Up, uliotokana na mamilioni ya nyaraka za benki ya BGFIBank.

Wanaotoa nyaraka hizo nao wanajua macho ya dola. Gradi Koko na Navy Malela, waliokuwa wafanyakazi wa benki ya Afriland mjini Kinshasa, walifichua miamala iliyohusishwa na Dan Gertler, mfanyabiashara wa madini aliyewekewa vikwazo na Marekani Desemba 2017. Wakiwa uhamishoni walihukumiwa kifo bila kuwapo mahakamani, hukumu iliyojulikana mwaka 2021. Mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa Septemba 2023 kwa sababu ya makala isiyokuwa na jina la mwandishi, iliyohusisha idara ya upelelezi ya jeshi na kifo cha mwanasiasa Chérubin Okende. Simu zake zilichukuliwa ili kujua nani alimtumia nini. Alihukumiwa kifungo cha miezi 6 Machi 2024, akaachiliwa kwa kuwa alikwisha kuutumikia muda huo.

Tunaona hapa mabadiliko makubwa. Tshibumba aliweza kuitenga hati na mazungumzo: hati ukutani, mazungumzo hewani. Simu imeviunganisha tena vitu hivyo viwili. Mazungumzo yenyewe sasa ni hati, na anayeichukua simu ameyachukua mazungumzo. Sebule ile iliyokuwa salama kwa sababu maneno hayashikiki imetoweka.

Jambo moja, hata hivyo, halijabadilika, nalo linatuhusu sisi moja kwa moja. Ripoti zote tulizozitaja ziliandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Mchimbaji mdogo wa Kasulo, mama anayeuza samaki sokoni Kolwezi, kijana anayesubiri kazi kwenye lango la mgodi, wanazipata kwa mdomo tu, zikiwa zimekwisha kugeuka uvumi. Kazi ya kugeuza hati kuwa ukumbusho, yaani kitu kitakachowafanya wenyewe wakumbuke, waseme na wadai, haijafanywa na yeyote kwa kipimo cha Tshibumba.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Historia ya Zaire ya Tshibumba Kanda Matulu ni kazi ya Kiswahili yenye fani iliyokomaa, na kwamba fani hiyo inaeleweka vizuri zaidi tukiitazama kama njia ya kuchunguza na kutangaza yaliyofichwa chini ya utawala unaosikiliza. Tumeona pia kwamba nguvu yake iko katika vitu vidogo: tarehe, jina, uwanja, mtu anayetazama. Udhaifu wake uko mahali ambapo ishara kubwa inafunika vitu hivyo vidogo.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo mawili. Matini ya Kiswahili ya masimulizi hayo yachapishwe kitabuni, yakiwa na maelezo ya lugha, ili yafundishwe katika somo la fasihi Lubumbashi, Dar es Salaam na Nairobi. Aidha, kanuni yetu ya fumbo irekebishwe. Fumbo ni njia moja ya Waswahili ya kuikabili dola, lakini si njia pekee, na pengine si ile iliyo ngumu kuliko zote. Kusema jina na tarehe mbele ya watu, kisha kuwaachia wenyewe kutoa hukumu, ni sanaa inayodai ujasiri na ustadi. Katika Lualaba ya leo, ambako mikataba inasainiwa mbali na wale wanaokaa juu ya shaba, sanaa hiyo bado inahitajiwa.